Taimingi ya injini ya zamani: tafuta kosa kabla hujagusa distributa

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Gari halina nguvu, mwenye gari analegeza boliti ya distributa, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, anaizungusha distributa kidogo kwa kusikiliza mlio, injini inachangamka. Baada ya muda mfupi tatizo linarudi, safari hii pamoja na mlio wa kugonga ndani ya injini au joto kupanda. Anazungusha tena, na tena.

Kinachomkwamisha ni mpangilio wa kazi. Wakati wa cheche kutokea, yaani taimingi, unaamuliwa na nafasi (uwazi) ya platini, ambazo ni swichi ndogo ya umeme wa cheche ndani ya distributa, pamoja na bushi za distributa, cheni ya taimingi, vyuma vizito vya ndani ya distributa, kopo la vakyumu linalosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa wa injini, na alama za kwenye puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Kimojawapo kikiwa kibovu, kuzungusha distributa kunaficha ubovu huo kwa muda tu. Kwa hiyo katika mwongozo huu distributa inazungushwa baada ya alama, bushi, cheni na platini kuhakikishwa; vyuma vizito na vakyumu vinapimwa mwishoni.

Maelezo haya ni ya injini za petroli zenye kabureta na distributa ya platini. Kama distributa yako ni ya kielektroniki isiyo na platini, ruka hatua ya 4 na jaribio la balbu la hatua ya 5, na upange taimingi kwa taa kwenye hatua ya 6. Kama kompyuta ndiyo inayopanga taimingi, mwongozo huu haukufai.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha injini yako, au kibandiko kilicho chini ya boneti. Unahitaji mambo matano: digrii za taimingi, nafasi ya platini, mzunguko wa sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), mpangilio wa kuwaka kwa silinda, na silinda namba 1 iko upande gani.
- Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) yenye vipimo kati ya milimita 0.35 na 0.80.
- Spana ya boliti ya distributa, spana ya plagi, na spana ya boksi ya kuzungushia krenki kwa mkono.
- Bisibisi bapa iliyo safi.
- Balbu ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili.
- Taa ya taimingi ya kubana kwenye waya wa plagi.
- Multimita. Ikiwa na kipimo cha dweli (muda ambao platini hukaa zimefungwa) ni bora zaidi.
- Brashi ya waya, kitambaa, rangi nyeupe au chaki, mafuta mepesi na grisi kidogo.

Usifanye kazi hii bila namba za injini yako. Injini mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kupishana digrii kadhaa, na namba ya kukisia ndiyo inayotoboa pistoni.

## Tahadhari

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na fanya kazi mahali penye hewa. Kunja mikono ya shati, vua tai na mnyororo.

Hatari kubwa zaidi inatoka kwenye taa ya taimingi yenyewe. Inamulika kwa kufuata mzunguko wa injini, hivyo feni inayozunguka kwa kasi inaweza kuonekana kama imesimama. Watu wameumia vidole kwa kuamini macho yao. Jua feni ilipo kabla hujainama, na usipitishe mkono karibu nayo.

Waya za plagi hubeba maelfu mengi ya volti. Usizishike injini ikiwa inafanya kazi. Pia usiache swichi ikiwa imewashwa kwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Platini zikiwa zimefungwa, umeme unapita mfululizo kwenye koili, inayotengeneza umeme mkubwa wa cheche, na kuichemsha.

## Kwanza hakikisha tatizo ni taimingi

Taimingi iliyochelewa huifanya injini iwe nzito. Unakanyaga mafuta haliitiki, joto linapanda, bomba la ekzosi linapata moto kupita kawaida, petroli inaisha haraka. Mchanganyiko unawaka wakati pistoni imeshaanza kushuka, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inatoka kama joto kwenye ekzosi.

Taimingi iliyowahi sana husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwenye mlima kwa gia kubwa. Injini ikiwa ya moto, stata inaweza kukwama au kupigwa nyuma. Hii ndiyo ya kuogopa. Iliyochelewa inakula petroli yako; iliyowahi inakula pistoni na gasketi ya silinda hedi, na haichukui muda mrefu.

Kuna kipimo kimoja kinachookoa siku nzima ya kazi. Taimingi mbaya kwa kawaida huathiri silinda zote kwa pamoja. Kama injini inamisi kwa mpigo unaojirudia, kana kwamba silinda moja haifanyi kazi, kagua plagi, waya, kifuniko cha distributa, au valvu isiyofunga. Na kama udhaifu unakuja na kuondoka, angalia kwanza chujio la petroli na uvujaji wa hewa kwenye manifoldi. Kuzungusha distributa hakutasaidia lolote kati ya hayo.

## Hatua ya 1: Hakikisha alama inasema kweli

Taa ya taimingi inasoma alama ya kwenye puli. Alama ikidanganya, kila kitu kinachofuata ni uongo. Kwenye injini nyingi puli ya krenki ina vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa mpira. Mpira ukizeeka, kipande cha nje kinateleza na kuhama na alama yake.

Tenganisha betri. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi. Ziba tundu la silinda namba 1 kwa kidole gumba na mwenzako azungushe krenki kwa spana, kufuata mwelekeo wa kawaida wa injini. Hewa ikianza kusukuma kidole, pistoni inapanda kwenye mpigo wa kubana. Endelea polepole mpaka alama ifike kwenye sifuri. Hapo pistoni inapaswa kuwa juu kabisa.

Kujua kama kweli iko juu kabisa, usitegemee bisibisi iliyotumbukizwa kwenye tundu. Pistoni ikikaribia juu hukaa karibu bila kusogea kwa digrii kadhaa, na macho hayaoni tofauti. Tumia kizuizi cha pistoni, yaani plagi kuukuu iliyotolewa kauri yake na kutiwa boliti ndefu yenye ncha ya duara. Kifunge kwenye tundu pistoni ikiwa chini. Zungusha krenki kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse kizuizi, weka alama ya chaki kwenye puli mbele ya kiashirio. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiko pistoni ilipo juu kabisa. Usitumie stata hata kidogo wakati kizuizi kimo ndani, na usisahau kukitoa.

Umefanikiwa kama katikati ya chaki zako panaangukia kwenye sifuri ya kiwandani. Kama pamehama, puli inahitaji kubadilishwa. Kwa sasa paka alama mpya nyeupe mahali sahihi na utumie hiyo.

Ukiwa hapo, fungua kifuniko cha distributa. Pistoni namba 1 ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana, rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko) inapaswa kuelekea kituo cha waya wa silinda namba 1. Ikielekea upande wa pili kabisa, ama distributa imefungwa kinyume, ama uko kwenye mpigo wa ekzosi. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa distributa, kwa hiyo alama ya puli inafika sifuri mara mbili. Mwenye gari lisilowaka kabisa baada ya distributa kufunguliwa aanzie hapa.

## Hatua ya 2: Waya, kifuniko, rota na plagi

Fuata kila waya kutoka kwenye kifuniko hadi plagi, kwa mwelekeo wa rota. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwaka 1-3-4-2, lakini si zote. Injini ya Ford Kent ni 1-2-4-3, na Volkswagen Beetle, ambayo si ya mstari mmoja, ni 1-4-3-2. Injini nyingi za silinda sita za mstari mmoja ni 1-5-3-6-2-4. Angalia pia namba 1 inahesabiwa kutoka upande gani, maana Peugeot 504 huhesabu kutoka upande wa flaiwili. Fundi aliyezoea magari mengine hukosea hapo kwa urahisi sana.

Mulika ndani ya kifuniko. Mstari mweusi mwembamba kati ya vituo viwili ni njia ambayo cheche imejichongea, na kuufuta hakusaidii, badilisha kifuniko. Kaboni ya katikati iwe nzima na irudi ukiibonyeza. Rota yenye ufa au ncha iliyolika itupwe.

Nafasi ya plagi kwenye mifumo ya platini mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

## Hatua ya 3: Angalia uchakavu wa distributa na cheni

Shika shafti ya distributa pale rota inapokaa na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kiasi cha kuonekana, bushi zimekwisha. Shafti inayoyumba hubadilisha nafasi ya platini kila inapozunguka, kwa hiyo kila silinda inapata cheche kwa wakati wake. Taimingi ya distributa hiyo haishiki, hata ukirekebisha mara ngapi. Wekea bushi mpya au tafuta distributa nyingine.

Kisha cheni. Kifuniko kikiwa wazi, zungusha krenki nyuma kidogo kwa spana mpaka rota ianze kusogea, halafu simama. Sasa izungushe mbele polepole na uangalie krenki imetembea digrii ngapi kabla rota haijaitika. Digrii chache ni kawaida. Ikifika kama 10 au zaidi, cheni imelegea, na pamoja na cheche hata valvu zinafunguka kwa kuchelewa. Mkanda au cheni inabadilishwa kwanza.

## Hatua ya 4: Platini, na hapa usiharakishe

Makosa mengi ya taimingi kwenye injini hizi huanzia kwenye platini, kwa sababu nafasi ya platini na taimingi zimefungamana. Ukiongeza nafasi, platini zinafunguka mapema na taimingi inawahi. Ukipunguza, inachelewa. Platini zina kisigino cha plastiki au faiba kinachosuguana na kamu, sehemu ya shafti yenye pembe zinazozifungua platini. Kadiri kinavyolika, nafasi inapungua na taimingi inachelewa yenyewe, bila mtu kugusa chochote. Mwenye gari anaona injini inakuwa nzito mwezi hadi mwezi, anazungusha distributa kufidia, huku platini zikiendelea kusogeleana mpaka cheche inakuwa dhaifu.

Fungua platini utazame nyuso zake. Zenye rangi ya kijivu na tambarare ni nzima. Zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili zibadilishwe, kwa sababu fila geji itapumzika juu ya kilima na kukupa kipimo cha uongo. Zilizoungua rangi ya bluu au nyeusi huashiria ubovu wa kondensa (kijikopo kinachozuia platini kuungua kwa cheche), au grisi iliyorukia. Badilisha kondensa pamoja na platini.

Zungusha krenki mpaka kisigino kikae kileleni kabisa mwa kamu. Hapo ndipo platini zimeachana kwa upana wake wote, na ndipo pekee pa kupimia. Legeza kidogo skrubu ya kukazia, ingiza fila geji ya kipimo cha kitabu chako, ambacho kwa magari mengi kiko karibu na milimita 0.4. Futa fila geji kwanza, maana mafuta yakibaki kwenye nyuso za platini yataungua. Inapaswa kupita ikigusa pande zote mbili kwa wepesi, bila kusukuma chemchemi. Kaza skrubu. Pima tena, kwa sababu kukaza huihamisha karibu kila mara.

Paka grisi kidogo sana kwenye kamu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kamu kavu hula kisigino haraka. Grisi nyingi huishia kwenye platini.

Kama una kipimo cha dweli, kitumie. Hupima ni digrii ngapi za mzunguko wa distributa platini hukaa zimefungwa, yaani muda ambao koili inajikusanyia nguvu. Kwa distributa nyingi za silinda nne ni kati ya 50 na 60. Dweli ikipungua kwa digrii 1, taimingi inawahi kwa takriban digrii 1 ya krenki.

Kutokana na hayo kuna kanuni isiyovunjwa: platini kwanza, taimingi baadaye. Ukigusa platini baada ya kupanga taimingi, umeivuruga, hata kama ulisogeza unywele tu.

## Hatua ya 5: Taimingi ya awali, injini ikiwa imezimwa

Rudisha betri, lakini plagi zibaki nje. Tuseme kitabu kinasema digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu. Zungusha krenki kwa mwelekeo wake wa kawaida mpaka alama ya 8 ilingane na kiashirio, silinda namba 1 ikiwa kwenye mpigo wa kubana. Ukipitiliza, usirudi kidogo tu. Rudi nyuma robo mzunguko kisha uje mbele tena, ili ulegevu wa cheni ubaki upande uleule unaokuwapo injini ikifanya kazi.

Unganisha waya mmoja wa balbu kwenye kituo cha koili kinachokwenda distributa, wa pili kwenye bodi. Legeza boliti ya distributa kiasi cha kuzunguka kwa kulazimishwa kidogo. Washa swichi. Platini zikifungwa balbu inazima, zikifunguka inawaka.

Zungusha distributa kufuata mwelekeo wa rota mpaka balbu izime. Sasa irudishe polepole, kinyume na rota, na usimame pale tu balbu inapowaka. Hiyo ndiyo nukta ambayo cheche inatokea. Kaza boliti, zima swichi, rudisha plagi.

Ukumbuke mwelekeo huu, utauhitaji tena: kinyume na rota taimingi inawahi, kufuata rota inachelewa. Distributa huzunguka nusu ya krenki, kwa hiyo digrii 1 hapa ni digrii 2 kwenye puli. Ndiyo maana msogeo mdogo huleta badiliko kubwa.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwa taa

Pasha injini mpaka joto la kawaida. Toa bomba la vakyumu kwenye distributa na uzibe upande unaotoka kwenye kabureta au manifoldi. Usipoziba, injini itavuta hewa ya ziada na sailensi itaharibika.

Hakikisha sailensi ni ile ya kitabu. Ikiwa juu, vyuma vizito vya ndani vitakuwa vimeanza kusukuma taimingi mbele na utasoma namba isiyo ya kweli. Kosa hili ni la kawaida sana, na matokeo yake ni taimingi iliyochelewa kwa mtu anayeapa kwamba ametumia taa.

Bana taa kwenye waya wa silinda namba 1 na umulike puli. Alama itulie sehemu moja. Rekebisha kwa msogeo mdogo mpaka ifike kwenye namba yako, kaza boliti, umulike tena. Alama ikirukaruka, rudi kwenye hatua ya 3, kwa sababu kuna bushi au cheni uliyoipa msamaha.

## Hatua ya 7: Je, taimingi inasogea kama inavyotakiwa?

Wengi huishia hatua ya 6, na hapa ndipo gari linalokwenda vizuri kwenye sailensi linaposhindwa barabarani. Injini ikiongeza kasi, cheche lazima itangulie zaidi. Vyuma vizito ndani ya distributa hufanya kazi hiyo kwa kutanuka dhidi ya chemchemi mbili.

Vakyumu ikiwa bado imezibwa, panda taratibu hadi mizunguko 3,000 kwa dakika huku ukimulika. Alama itembee kwa ulaini kwenda upande wa kuwahi, isimame, na irudi ukishusha. Kwenye injini nyingi za zamani jumla yake hufika kati ya digrii 28 na 36. Fuata kitabu chako. Puli ikiwa haina mizani ya kutosha, pima kipenyo chake na ujichoree. Puli ya milimita 150 ina mzingo wa milimita 471, hivyo digrii 1 ni milimita 1.3 na digrii 30 ni kama milimita 39.

Alama isiposogea, vyuma vimekwamishwa na grisi iliyokauka. Gari la hivyo huwa zito kwa kasi kubwa hata kama sailensi yake ni nzuri. Jaribu ukiwa umeizima: zungusha rota kwa vidole, iende kidogo upande mmoja na irudi yenyewe. Safisha, tia tone la mafuta mepesi. Alama ikiruka mapema mpaka mwisho, chemchemi imekatika au imechoka. Ukikuta chemchemi moja imelegea na nyingine imekaza, usizilinganishe. Distributa nyingi zilitengenezwa hivyo kwa makusudi.

Kwa vakyumu, zima injini, nyonya bomba kwa mdomo ukitazama bamba la platini. Lisogee, na ukiziba kwa ulimi libaki hapo. Likirudi, ngozi ya ndani ya kopo imepasuka. Gari litakwenda, ila petroli itakwisha haraka kwenye mwendo wa kawaida.

Rudisha bomba la vakyumu.

## Hatua ya 8: Barabarani

Injini ikiwa ya moto, panda mlima mpole kwa gia ya juu na ukanyage mafuta. Itikio liwe la haraka, bila kugonga. Mgongano ukisikika, chelewesha digrii 1 au 2 na ujaribu tena.

Ikibidi kuchelewesha zaidi ya digrii 4 chini ya kipimo cha kitabu, acha. Tatizo lako si taimingi tena. Huenda sababu ni petroli yenye okteni ndogo kuliko inayotakiwa, kaboni ndani ya silinda, injini inayochemka, au kabureta inayotoa petroli kidogo. Kuendelea kuchelewesha kutanyamazisha mlio na kupandisha joto la ekzosi, na valvu ndizo zitakazolipa.

Ukiridhika, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye distributa hadi kwenye bloku, na uandike digrii, nafasi ya platini na dweli mahali utakapopaona. Kama uliweka platini mpya, zipime tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa sababu kisigino kipya hulika zaidi mwanzoni. Rekebisha nafasi, kisha urudie hatua ya 6.